Safari Fupi ya Maji ya Kibaoni

Nyie vijana mnaoanza kazi ya kuongoza wageni, kaeni vizuri, maana mimi nikianza kusema huwa napita kwenye vichaka vyote. Shule niliishia darasa la nne. Mkiona sentensi imepinda, iacheni hivyohivyo, itajinyoosha mbele ya safari.

Nataka niseme kuhusu safari fupi. Siku hizi naona mmeiandika kwenye kibao kizuri, na picha ya twiga juu. Sisi wakati ule, miaka ya tisini, Mpanda bado wilaya tu, mgeni anashuka kwenye treni ya Kaliua amejaa vumbi mpaka kwenye kope, kibao hatukuwa nacho. Safari fupi ilikuwa hivi: unatoka getini Sitalike, unavuka daraja la viboko, unaikata mbuga ya wazi mpaka kwenye ule mkwaju wa Katabi, mzimu wa nchi hii, karibu na ziwa, mgeni anautazama ukuta wa milima ya Lyamba lya Mfipa, anavuta pumzi, mnarudi. Basi. Mtu akiuliza, mbona pakavu hivi, hili ni jangwa? unamwambia ndiyo, kwa sasa. Masika mbuga ile ni maji na majani mpaka kwenye kiuno cha nyati. Kiangazi kikikolea ni udongo uliopasuka kama kisigino cha mkulima, upepo unazungusha vumbi, na katikati ya ukavu huo wote amelala kiboko kwenye tope. Jangwa lenye kiboko. Mimi nimezeeka na bado naliota.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mbende mmoja, Mzee Lubinza, mwembamba, suruali yake ilifungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa na masomo mawili tu. La kwanza ni la maji. Kiangazi saa sita mchana mbuga yote inajaa maji ya uongo, yale mazigazi, yanang'aa, yanatembea, twiga anaelea juu yake hana miguu. Mzee Lubinza alisema usitazame maji, tafuta ndege. Maji ambayo hayana korongo hata mmoja aliyesimama, wala yange, wala chochote kinachotua, hayo achana nayo. Somo la pili lilikuwa la mdomo. "Mgeni akinyamaza, na wewe nyamaza. Pengine amefika."

Hili la pili lilinishinda muda mrefu. Kuna mzee mmoja wa Kizungu nilimtembeza, anajua Kiswahili cha misheni, akafumba macho tukiwa kwenye kivuli. Nikajua amelala. Nikamtikisa bega: mzee, mzee, tembo hawa hapa! Akafumbua jicho moja akasema, "Najua. Nilikuwa nawasikiliza wakila." Nikatamani ardhi inimeze na kofia yangu. Lakini hiyo siyo habari ninayotaka kuwapa. Nataka niwape ya Mama Zita.

Mama Zita alishuka kwenye lori la mpunga pale Sitalike, mwishoni mwa kiangazi, asubuhi. Mpimbwe wa Kibaoni, mama wa makamo, amejifunga kanga mbili, na mkononi amebeba kibuyu kikubwa amekiziba kwa gunzi la mahindi. Anakibeba kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Mimi nilikuwa nimekaa na wenzangu tunakunywa uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayewapeleka Wazungu kwenye mti wetu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi na mimi nipeleke. Mimi siyo Mzungu, lakini nimevaa viatu."

Wote tukacheka, yeye hakucheka. Akaomba kigoda, akakaa, kibuyu kwenye mapaja, akaeleza.

Mama yake mzazi alizaliwa kule ndani, karibu na ziwa, zamani watu wakikaa kule, kabla nchi haijawa ya wanyama peke yao. Walipohama wakaenda kukaa Kibaoni. Sasa kwa ukoo wao, mkihama mkapata kisima kipya, lazima mchote maji ya kisima hicho mkayamwage kwenye mti wa kwenu mlikotoka. Kuwaambia wazee waliozikwa kule: tumefika, tunakunywa hapa, msitungojee. Maji hayo yasipokwenda, waliobaki wanajua bado mko njiani. Wanawatazamia. Sasa bibi yake Mama Zita alikusudia kwenda akaugua miguu. Mama yake Mama Zita naye akakusudia, akaogopa askari na simba. Miaka ikapita. Na sasa yule mama yuko kitandani, chakula amekikataa, na kila kukicha anauliza neno moja: "Maji yamekwenda?"

"Kufa haogopi," Mama Zita akasema. "Anaogopa kufika kule wamuulize, wewe, muda wote huo ulikuwa njia gani? Mwanangu, mimi sitaki mama yangu atangulie kabla ya salamu yake. Na hali niliyomwacha nayo sio ya kukaa siku mbili huku."

Uji wangu ukapoa. Nikaenda kwa bosi wa kambi yetu, mtu wa maneno machache, nikamweleza. Akasema gari linakwenda kukagua njia kabla ya mvua, nafasi ipo, ila lirudi leoleo. Askari wa getini naye akakichukua kibuyu, akatoa gunzi, akanusa.

"Pombe?"

"Maji ya kisima cha Kibaoni."

"Unapeleka maji ziwani?"

"Kwani wewe hujawahi kupeleka salamu kwa mtu ambaye ni mzima?"

Akamrudishia kibuyu kwa mikono miwili. Akafungua geti.

Dereva wetu alikuwa Masanja. Msukuma, baba yake alikuja huku na ng'ombe kutoka kaskazini, na Masanja mwenyewe alilelewa machungani, kwa hiyo gari aliliendesha kama maksai. Analipiga kofi kwenye boneti, analipigia mluzi, likipanda kilima analisifia. Lile Land Rover la kambi tuliliita Ng'ombe. Lilikuwa kuukuu, rejeta yake imezibwa kwa sabuni ya mche mahali na mahali. Mimi Mkonongo wa Ugalla, kwetu ni mizinga na nyuki, yeye alioa binti wa kwetu, basi kutwa tunachokozana.

"Pakia maji, nyie watu wa ng'ombe mnajua kunywesha," nikamwambia.

"Nimeshapakia, mla nyuki. Dumu limejaa mpaka juu."

Nyuma ya gari tukaning'iniza kopo bovu lenye mavi ya tembo yanayofuka moshi, kufukuza mbung'o. Dawa hiyo msiidharau, nyie wa kupulizia makopo ya dukani. Mavi ya tembo yawe makavu nje na mabichi kidogo ndani, usiwashe moto, weka kaa moja tu, moshi utakwenda nao kutwa nzima.

Tukavuka daraja. Chini mto Katuma umebaki dimbwi, viboko wamelala wamegusana, huwezi kujua mgongo huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi. Mama Zita akawatazama akasema, "Hawa wamekaa kama watu kwenye msiba." Kweli. Kiboko mmoja akipumua, wote wanapumua. Baadaye tukapita kwenye miombo, majani mapya yameshaanza kutoka mekundu hata kabla ya mvua, na njiwa wanalia lile neno lao moja, halafu msitu ukaisha ghafla na mbuga ikafunguka.

Sasa hapo nawaambieni, mwongozaji asiyejisikia kitu mbuga ikifunguka, aende akafanye kazi ya stoo. Hakuna mti. Weupe mtupu wa nyasi zilizokauka, na kule mbali kabisa ule ukuta wa milima umekatwa chini na joto, haujakaa juu ya ardhi, unaelea, wa bluu, kama nguo iliyoanikwa na mtu usiyemwona. Nyati wanapita kwa mbali bila sauti, vumbi lao linabaki limesimama wao wakishaondoka. Nikafungua mdomo nimweleze Mama Zita habari za milima, nikamwona amefumba mdomo, mkono mmoja juu ya gunzi. Nikaufunga wa kwangu. Masanja naye akaacha mluzi. Tukaenda hivyo. Kuna wakati sikujua tunakwenda au nchi ndiyo inayotujia. Kimbunga cha vumbi kikatupita pembeni, kirefu, kinacheza peke yake, kikajichosha, kikakaa chini.

"Mama alikuwa akinisimulia weupe huu," Mama Zita akasema taratibu. "Nikidhani ni maneno ya uzee."

Hapo ndipo Ng'ombe alipopiga mluzi wake mwenyewe. Siii! Mvuke ukatoka kwenye boneti kama birika. Paipu ya rejeta ilikuwa imepasuka.

Masanja hakushtuka, alizoea. Akakata utepe wa tyubu ya baiskeli, akaifunga paipu, akazungusha, akakaza kwa meno. Kazi safi. Tukangoja chuma kipoe. Kisha akaenda nyuma akaleta dumu, akatoa kizibo, akaliinamisha kwenye mdomo wa rejeta. Hakikutoka kitu. Akainamisha zaidi. Kikaanza kutoka, pole pole, kirefu, cha rangi ya kahawia, kama mtu anayeamshwa kitandani bila kutaka.

Akalisimamisha dumu haraka. "Hii nini?"

Nikachovya kidole. Mimi mtoto wa Ugalla siwezi kukosea. "Asali. Tena nzuri."

"Shemeji yangu!" Masanja akashika kichwa. "Shemeji amefika jana na asali, ameiweka palepale ninapoweka dumu la maji!"

"Ulipolinyanyua hukuona zito?"

"Niliona zito nikafurahi! Nikasema leo wamenijazia vizuri."

Nyie mnacheka. Lakini nyumba zote za huku dumu ni lilelile la njano, la maji, la asali, la mafuta ya taa. Tangu siku hiyo kambini kwetu dumu la maji lilifungwa kitambaa chekundu shingoni, na mimi nawaambieni, kabla hujaondoka fungua kizibo na uonje. Usitazame, onja.

"Tutie hivyohivyo?" Masanja akaniuliza kwa sauti ndogo. "Si inatiririka?"

"Tia, upike kashata."

Tulikuwa na chupa ya chai ya rangi. Tukaitia yote kwenye rejeta, na sukari yake. Ikazama kule ndani ikanyamaza. Masanja akasikiliza kama daktari, akatikisa kichwa. Haitoshi hata kulowesha koo la Ng'ombe.

Halafu nyuki wakaja. Sijui nyuki kwenye mbuga isiyo na mti wanatoka wapi, lakini asali iliyomwagika kwenye bampa waliinusa, wakaja mmoja, wawili, halafu wingu. Nikaleta kopo la mavi ya tembo mbele, nikaliweka juu ya boneti, tukakaa sote watatu ndani ya moshi huo tunakohoa, machozi yanatutoka. Nyuki wakatulia, wakazunguka mbali kidogo.

Sasa nitazameni hali ilivyo. Gari la pili hakuna. Redio hatuna. Tusiporudi leo, bosi atatuma trekta kesho, nayo ni trekta ya kesho mchana kama dereva wake hajalewa. Sisi tungekaa tu ndani ya gari tukalala, hatufi. Lakini Kibaoni kuna mtu yuko kitandani anauliza maji yamekwenda, na yeye huyo kesho hana uhakika nayo. Masanja akasimama juu ya gari akaonyesha kidole.

"Maji yale pale! Na pale! Na kule!"

Kweli, tulikuwa tumezungukwa na maji. Yanameremeta pande zote, swala wanaogelea ndani yake mpaka shingoni. Nikakumbuka somo, nikatafuta ndege. Hapa hakuna. Pale hakuna. Kule mbali, chini ya milima, karibu na kivuli kidogo cheusi, nikaona korongo wanazunguka wanashuka. Kivuli kile ndicho mkwaju, na chini ya korongo ndilo dimbwi lililobaki la ziwa. Maji ya kweli yalikuwa kwenye mwisho wa safari yetu. Na katikati, kundi la nyati limetandazwa kama mkeka. Kwa miguu haiendeki.

Nikamwona Masanja anatazama mapaja ya Mama Zita. Anakitazama kibuyu.

Nikamvuta pembeni. "Usimwombe."

"Sijaomba. Nimetazama tu."

"Na usitazame."

"Nawasikia," Mama Zita akasema kutoka ndani ya moshi. "Mimi siyo kisiki."

Akanyamaza. Na mimi, kwa mara moja kwenye maisha yangu, nikanyamaza vizuri. Nilikuwa na maneno mengi, ya kumtuliza, ya kumwambia kesho, ya kumwambia hakika wazee wataelewa. Yote nikayameza. Joto lilikuwa linaimba masikioni. Milima ilishuka kidogo ikagusa ardhi, ikapanda tena. Yeye anakitikisa kibuyu polepole, na maji yale yakawa yanasema ndani, chwa, chwa, na nawaapieni kwenye ukavu ule sauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya gari.

Kisha akamwita dereva. "Masanja. Hiyo rejeta yako, maji yakiingia yanakwenda wapi?"

"Yanazunguka, mama. Yanapoza injini, yanarudi, yanazunguka tena."

"Hayaishi?"

"Kama paipu inashika, hayaishi. Yanakaa humohumo."

"Na kuyatoa inawezekana?"

"Kuna koki chini. Ukifungua yanatoka."

"Yanatoka yaleyale?"

Masanja akakuna kichwa. Ni mtu mkweli. "Yaleyale, mama. Ila yatakuwa na kutu. Na sabuni. Na chai kidogo."

Mama Zita akacheka, ndiyo mara ya kwanza siku hiyo. "Kutu siyo kitu. Na sisi wenyewe tumechanganyika. Baba yangu ni Mfipa, na mti haujawahi kutufukuza." Akashuka garini, akatoa gunzi. "Lakini ukifika pale utayatoa. Nisikie kwa mdomo wako."

Hapo Masanja akasita, na msimlaumu. Dereva kufungua koki porini ni kama daktari kumtoa mtu damu kwenye mlima. "Mama, na kama lile dimbwi limekauka? Nitakuwa nimeua gari chini ya mti."

"Korongo wanashuka," mimi nikasema. "Dimbwi lipo."

Masanja akanitazama mimi, akawatazama korongo, akafuta mikono kwenye suruali. "Nitayatoa, mama."

Mama Zita akayatia mwenyewe, hakumpa mtu. Anamimina huku anaongea nayo kwa Kipimbwe, sauti ya chini, kama unavyomwelekeza mtoto anayekwenda dukani peke yake mara ya kwanza. Tone likaanguka kwenye chuma cha moto likalia tss. "Taratibu!" akamkaripia Ng'ombe. "Hayo siyo yako." Kibuyu kikaisha. Akakitazama ndani kwa jicho moja, akakiziba tena, akapanda mbele. Akalishikilia lile gunzi kwenye mdomo wa kibuyu kama mtu anayeshika pumzi.

Tukaenda mwendo wa kinyonga, tunasimama, chuma kinapoa, tunaenda. Kwenye nyati Masanja alizima injini tukangoja watupishe, na walitupisha kwa wakati wao, wakitutazama kwa zile pua zilizolowa. Nyuki wanatufuata. Mbele yetu maji ya uongo yanafunguka, tunaingia, hayapo, yamehamia mbele. Nikaona kama tunaendesha chini ya ziwa la zamani, lile la masika, na maji yote yamepanda yanatusubiri juu. Maji pekee ya kweli kwenye mbuga ile yalikuwa yanazunguka ndani ya boneti, yanafanya kazi.

Mkwaju ulikuwa umesimama kama mnavyouona nyie leo, mpana, kijani wakati kila kitu ni majivu, chini yake vitambaa na sahani za bati za watu waliopita. Mama Zita akavua viatu. Mimi nikaenda kwanza kuangalia dimbwi, maana Masanja alinikodolea macho. Lipo. Kijani, zito, limejaa migongo ya viboko, lakini ukingoni kuna mahali mtu anaweza kuchota akiwa na adabu. Nikampungia mkono.

Masanja akalala chali chini ya gari. Tukasikia koki inalalamika. Akakinga kibuyu, yakatoka, mekundu ya kutu, ya moto, yanatoa mvuke, yananuka sabuni na majani ya chai. Mama Zita akakipokea kwa kanga maana kinachoma. Akapiga magoti kwenye mizizi.

Nilisogea mbali kidogo, lakini alichosema alikisema kwa Kiswahili, nafikiri ili na sisi tuhesabike. Akataja jina la mama yake. Akasema, "Tulifika zamani. Tuko Kibaoni. Kisima chetu kina mawe manne na maji yake ni haya, yako hivi kwa sababu ya njia. Samahani kwa kuchelewa. Mtoto wenu yuko nyuma, anakuja, mpokeeni kama mtu aliyekuwa na kwao." Akamimina.

Udongo ule haukuwa umeonja kitu tangu masika. Ukanywa kwa sauti. Pakabaki doa jekundu, na kabla hajasimama vipepeo weupe wakatua juu yake, halafu wale nyuki wetu waliotufuata mbuga nzima wakashuka nao, wakapanga midomo kwenye unyevu, wakanywa kimya. Mama Zita akawatazama mpaka nikaona aibu kuwatazama naye. Mgeni wangu alikuwa amefika.

Kurudi haikuwa na shida. Rejeta tuliijaza maji ya viboko, tukayachuja kwa kanga yake ya pili, na msiniulize ile kanga ilinuka nini. Ng'ombe alirudi Sitalike jua halijazama, na mvuke wake mpaka leo unanijia puani nikila samaki. Lori la mpunga likamchukua Mama Zita jioni ileile.

Siku chache zikapita, bosi akatutuma Kibaoni kununua mchele wa kambi. Masanja hakuuliza njia ya sokoni, alikwenda moja kwa moja kwa Mama Zita. Tulikuwa tunaogopa kukuta watu wamekaa kwenye majamvi nje. Hakukuwa na majamvi. Mama Zita akatoka, akatushika mikono, akatuingiza ndani.

Mama yake alikuwa ameegemezwa kwenye ukuta, mdogo, ngozi na macho, lakini macho yale yalikuwa na mtu ndani. Mbele yake kibakuli cha uji, umepungua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nyie ndio wa gari?"

"Ndio sisi."

"Zamani nilidhani yatakwenda kwa kichwa," akasema. "Nimeambiwa yamepanda gari. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda." Akacheka bila meno, akakohoa, akacheka tena. "Maji yangu yamenitangulia kila mahali."

Masanja akamsogelea. Akainama, akamnyanyua bibi pamoja na blanketi lake, kama ndama, akamtoa nje na kumweka kiti cha mbele. Mama Zita akakaa naye kumshika. Mimi nikapanda nyuma, maana nilikuwa mwongozaji. Tukatoka nyumbani, tukapita mbele ya mashine ya kukoboa, watoto wanatukimbilia, tukapita kando ya soko.

"Bibi, mkono wa kushoto unaona —"

"Nyamaza mwanangu," bibi akasema. "Naona."

Tukafika kisimani. Mawe manne, kama ilivyosemwa kule. Ndiyo safari fupi kuliko zote nilizowahi kuongoza, na hakuna mnyama tuliyemwona isipokuwa mbuzi. Bibi akanusa hewa.

"Gari lenu linanuka nini?"

"Maji ya kiboko, bibi," Masanja akajibu.

"Yamwage. Mama Zita, wachotee ya kwetu." Akangoja mpaka rejeta imejaa na boneti imefungwa. Kisha akasema, "Mkipita tena kule, muwafungulie kidogo. Wajue bado tunakunywa hapahapa."

Alituacha mvua zilipoanza, amelala, bila kuuliza kitu.

Na Masanja, miaka yote aliyobaki kazini, kila alipokwenda kuchukua mchele Kibaoni alijaza rejeta kwenye kile kisima, na kila tulipofika chini ya mkwaju alilala chali akafungua koki kidogo, tone, tone, tone, kisha akafunga. Wageni waliona kidimbwi chekundu chini ya gari wakaogopa. Bwana, wananiambia, gari lako linavuja.

Hapana, nawaambia. Linasalimia.